Mwendo wa Fidia

Kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, Ezelina Mgaya alivua viatu ili amwumize Lutengano Mhongole.

Hakuvivua kwa pupa. Alikaa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi mapajani, maana baridi ya Luhanje mwezi wa saba haina adabu hata kwa wenyeji, akafungua gidamu moja baada ya nyingine na kuviweka viatu pembeni. Miguu yenyewe haikuwa na habari. Tangu mti wa mlingoti ulipomwangukia mgongoni miaka minne nyuma, kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mgeni katika mwili wake mwenyewe. Ungeweza kumchoma sindano kwenye wayo naye akaendelea kukusimulia harusi ya jana.

Mshipi aliovaa kiunoni ulitetemeka. Maana yake, kilomita kumi na mbili kutoka hapo, katika chumba cha mwendo cha zahanati ya kata, Lutengano amekwisha kufungwa kamba za kuning'inia, nyaya zimegandishwa mapajani na mgongoni mwake, na mtaalamu amebonyeza swichi. Lutengano akajiinua kule. Huku miguu ya Ezelina ikajikaza, magoti yakanyooka, nyonga zikasukuma, na mwanamke wa miaka arobaini na sita akasimama wima mlangoni pake kama mtu ambaye hajawahi kupatwa na lolote.

"Kamwene, dada Ezelina," ilisema sauti ya mtaalamu, Amosi Ngailo, kwenye kipaza sauti kidogo cha mshipi. "Umeamkaje?"

"Kamwene. Mwambie aelekee barabara mpya."

"Ile ya kokoto? Viatu umevaa?"

"Wewe fanya kazi yako, Ngailo."

Hiyo ndiyo Sheria ya Fidia ya Mwendo, kwa yeyote ambaye hajaiona ikifanya kazi. Aliyevunja miguu ya mwenzake atakuwa mtoaji, naye atamtembeza mwenzake huyo, mpokeaji. Saa sita kwa siku, Jumapili mapumziko, miaka saba. Kamera iliyoshonwa kwenye mshipi inamwonyesha mtoaji njia, mpokeaji anamwambia aende wapi, naye hana ruhusa ya kubisha. Na kwa kuwa mtu hawezi kutembea bila kujua amekanyaga nini, kila kitu ambacho nyayo za mpokeaji zinakigusa husafiri kwenye waya kurudi kwa mtoaji. Ezelina akanyage maji, Lutengano aone baridi. Ezelina akanyage mwiba, Lutengano apige yowe.

Waliotunga sheria walidhani wameweka usalama. Ezelina alikuwa ameiona zawadi iliyojificha humo tangu wiki ya kwanza. Mwanamke huyuhuyu unayemwona kanisani ameshika kitabu cha nyimbo, anayepeleka uji kwa wagonjwa wa mtaa wake, alishuka barabara ya kokoto peku kila asubuhi, taratibu, akichagua mawe yenye ncha.

"Kushoto," alisema. "Kushoto zaidi. Pale penye mawe mapya."

"Wewe mama una roho mbaya." Hiyo ilikuwa sauti ya Lutengano, nzito, ya mtu anayehema kwa kuuma meno.

"Roho yangu ilikuwa nzuri kabla hujaniangushia mti."

"Nilipiga ukelele. Mara tatu, kama mkataji yeyote. Ungesogea."

"Hukupiga hata mara moja. Twende, mguu wa kulia."

Walikwenda. Ezelina alimsikia akiguna kila hatua, na moyo wake ulikunjuka kama wa mtu aliyeonja chai ya kwanza ya siku. Hatua thelathini. Hatua arobaini. Kisha jiwe moja, lenye ncha mbaya kuliko yote, likamchoma chini ya kidole gumba.

Likamchoma yeye.

"Aaa!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Ezelina alisimama katikati ya barabara, mkono mdomoni, jasho likimtoka katika baridi ile.

"Umesema nini?" Lutengano aliuliza.

"Nimekohoa."

"Hujakohoa, Ezelina."

"Nimekohoa, nimesema! Tembea!"

---

Saa nane mchana kengele ya mshipi ililia, kama ilivyolia kila siku ili apate kukaa kabla mtoaji hajafunguliwa kamba, na Ezelina akajitupa kwenye kiti chake. Akafunga mlango na kitasa. Akanyoosha mguu wa kulia kwa mikono miwili, akauweka juu ya stuli, akakitazama kidole gumba kama mtu anayemtazama mdeni... hapana, kama mtu anayemtazama mtoto mkaidi.

Inuka, alikiambia kichwani.

Amri ilitoka, ikateremka ndani ya uti wa mgongo pingili kwa pingili, ikafika pale palipopondwa, ambapo kwa miaka minne kila amri yake ilikuwa ikifia. Safari hii ikapita. Ikapita kwa shida, kama maji yanayopenya kwenye bomba lenye kutu, ikashika neva ndefu ya mguu mpaka kwenye msuli ulio kando ya muundi. Msuli ukajikunja. Kano ikavuta mfupa. Kidole kikainuka kimo cha punje ya mchele.

Ezelina alilia. Alilia kwa furaha, bila aibu, akiita jina la mama yake. Alikibusu kidole chake mwenyewe, akakiinua tena, na tena, mpaka kikachoka.

Ndipo akakumbuka kifungu cha tisa. Kila mpokeaji alisomewa na kukitia sahihi. Siku mpokeaji atakapotikisa kidole kwa amri ya kichwa chake mwenyewe, fidia imekamilika na mtoaji yuko huru.

Furaha ilimwisha palepale. Miaka mitatu tu? Yeye alilala hospitalini miezi kumi na moja akigeuzwa na wauguzi kama chapati. Alijifunza kujisafisha mbele ya watu. Mchumba aliyekuwa akija kila Jumamosi alianza kuja kila mwezi, kisha akaacha. Na yule mtu aende zake nyumbani kwa sababu kidole kimeinuka? Labda sivyo. Labda ile miaka minne iliyobaki ilikuwa haki yake, na haki haipungui kwa kuwa mgonjwa amepata nafuu.

Basi akanyamaza. Alasiri zote alifunga mlango, akajishika kwenye ukingo wa kitanda, akajifunza. Mwezi wa kwanza wa kujifunza alikunja goti. Mwezi wa pili alisimama akihesabu mpaka ishirini, mapaja yakimtetemeka. Kufikia mwezi wa nne alihesabu mpaka mia tatu bila kushika kitu. Asubuhi, Lutengano alipomwendesha, alijikuta hajui tena sehemu gani ya hatua ni ya Lutengano na ipi ni yake.

Barabara ya kokoto hakuiacha. Sasa na yeye aliumia, tena aliumia sana, kila jiwe. Aliona inafaa.

---

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi sheria iliwakutanisha ana kwa ana kwenye chumba cha mwendo. Chumba chenyewe kilikuwa kikubwa, cha sakafu ya mbao, kamba zimening'inia darini, na chini yake mkanda mpana unaozunguka ili mtoaji atembee asifike popote.

Ezelina alisukumwa ndani kwenye kiti chake. Lutengano alikuwa amekaa kwenye benchi la mbali. Zamani alikuwa jibaba la msumeno, mtu wa kubeba gogo begani huku akipiga mluzi. Sasa shati lilimpwaya. Hakusalimia, na Ezelina hakungoja salamu.

Ngailo alikuwa mwembamba, mwenye subira ya watu wanaoshughulika na viungo vya wengine. Akachuchumaa mbele ya Ezelina na nyundo yake ya mpira, akagonga chini kidogo ya pia ya goti. Mguu ukaruka.

"Umeona!" Lutengano alisimama. "Umeona ulivyoruka! Mwanamke huyu anatembea!"

"Kaa chini, Lutengano. Nimekueleza mara ngapi?" Ngailo hakugeuka. "Goti halikiulizi kichwa. Nikigonga kano, msuli wa paja unavutwa, neva inapeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti unajibu hapohapo, uruke. Kichwa kinapata habari baadaye, kama kitapata. Hata aliyekatika kabisa, goti lake litaruka. Dada Ezelina, nitikisie kidole."

Watu hudhani kutulia ni kutofanya kitu. Ezelina alijua sivyo. Kidole kilitaka kuinuka kwa kule kutajwa tu, na ilimbidi msuli wa juu aulegeze huku wa chini ukimsihi auvute, akakaa hivyo, uso mkavu, akitazama dirisha.

"Hakuna," Ngailo aliandika.

"Mwongo!" Lutengano alimfokea, mate yakiruka. "Ngailo, nisikilize mimi. Nikiwa kwenye kamba, mguu wake unatangulia. Mimi bado sijainua, wake umeshainuka. Kisigino changu kinatua mahali ambapo chake kimekwisha kutua. Mimi si mjinga, nimeendesha msumeno wa watu wawili miaka ishirini. Najua mwenzangu akivuta!"

"Kila mtoaji husema hivyo," Ngailo alijibu. "Ndiyo maana sheria haipokei neno la mtoaji. Na usianze tena habari ya kugoma. Nusu saa bila kutembea, naandika ripoti, na miaka minne iliyobaki unaimalizia gerezani."

Lutengano alimkaribia Ezelina mpaka mwanamke akasikia harufu ya mafuta ya nyaya kwenye ngozi yake.

"Nitazame usoni useme hutembei."

Ezelina akamtazama usoni.

"Sitembei. Uliyeninyima ni wewe. Sogea, unaninukia."

Mwanamume akaondoka kurudi kwenye benchi, na hapo Ezelina akaona jambo ambalo hakulitegemea. Lutengano alitembea hatua fupifupi, upande mmoja ukibaki nyuma. Kabla ya kufika alijikwaa kwenye sakafu tambarare, isiyo na kitu, akajishika ukutani.

Ngailo alingoja mpaka wamebaki wawili.

"Umemwona," alisema.

"Anaigiza."

"Dada, tulipoanza kazi hii tulijaribu mashine. Mashine ilijua hatua. Ilikunja goti, ikanyoosha goti. Watu walianguka kwenye mteremko wa kwanza. Kutembea si hatua tu. Msuli unaweza kuvuta, hauwezi kusukuma, ndiyo maana kila mmoja una mwenzake wa upande wa pili, na kila nukta mmoja unakaza, mwingine unaachia, mamia kwa pamoja, kwa kadiri mfupa ulivyo mrefu na ardhi ilivyo. Kinachojua hayo ni mwili wa mtu aliye hai. Tukaazima miili." Alifuta nyundo yake kwa kitambaa ingawa haikuwa na uchafu. "Hatukufikiria kwamba mwili unaotoa nao unajifunza. Fupa lako la paja ni fupi kuliko la Lutengano kwa vidole vitatu. Miaka mitatu anapima hatua kwa mifupa yako. Sasa kichwa chake kinaamini mifupa yake ni hiyo. Juzi ameanguka uani kwake na sufuria ya maji ya moto. Mkono umeungua mpaka hapa."

Ezelina aligeuza gurudumu kidogo, akautazama mlango.

"Mwaka mmoja zaidi na mwendo wake haurudi. Nimemwandikia hakimu, amejibu adhabu ni adhabu. Njia imebaki moja." Alimtazama. "Kama kuna chochote, hata mwasho, ningependa kujua. Najua na adhabu ya kuficha. Siku zilizofichwa, mara mbili, kwenye kamba hizihizi, kumtembeza mtu mwingine. Lakini anayejitaja mapema, hakimu humsikiliza."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nisukume nje."

Njia nzima kurudi nyumbani alijaribu kumfikiria Lutengano na mkono ulioungua, kwa sababu alikuwa mtu wa kanisani na aliona anatakiwa. Alichopata ni picha ya majani ya mlingoti yakimfunika uso, na yeye akiita mpaka sauti ikakauka. Akaacha kujaribu.

---

Mwezi wa kumi na mbili kijiji kilimchagua Ezelina kuongoza baraza la ardhi. Hakuna aliyeshangaa. Tangu ajali alikuwa amejifunza sheria za mipaka kuliko mwanasheria, na watu waliogopa ulimi wake. Siku ya kiapo walikusanyika kwenye uwanja wa shule, watu wapata mia tatu, wanawake upande wa vivuli, wazee kwenye madawati yaliyotolewa darasani. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na nyuma ya meza mtendaji wa kata, Bwana Kaduma, katika suti iliyombana.

Ezelina alikuwa amevaa kitenge kipya. Alitaka atembee kutoka viti vya nyuma mpaka kwenye meza mbele ya macho ya kila mtu, na alikuwa amemwambia Ngailo tangu asubuhi amwandae yule mtu vizuri, asije akamwaibisha.

"Mheshimiwa mteule na asogee," Kaduma aliita.

Makofi yakapigwa, vigelegele vikafuata. Ezelina alisimama, akatembea katikati ya watu, kichwa juu. Alifika nusu ya uwanja, mahali penye wazi pasipo na mtu wala kitu cha kushika, na miguu ikasita.

"Tembea," alinong'ona.

"Leo sitembei," Lutengano alisema.

"Tembea, wewe Mhongole. Watu wananitazama."

"Nawaona kwenye kioo. Ni wengi. Vizuri." Sauti ilikuwa tulivu kuliko alivyowahi kuisikia. "Ngailo ametoka, kuna mama analetwa amevunjika mkono. Tuko wawili tu, Ezelina. Kama unataka kufika kwenye meza hiyo, nenda."

Kisha kukasikika mikwaruzo na mlio wa chuma, na kimya. Ezelina alihisi magoti yakicheza kidogo, yakatulia.

Aliitazama saa ya ukutani ya shule kupitia dirishani. Saa nne na dakika tano. Alipoelewa alichokuwa akikifanya Lutengano, nusura acheke. Yule mtu alidhani aibu itamsukuma. Alidhani mwanamke aliyesafishwa na wauguzi miezi kumi na moja atashindwa kuvumilia macho ya majirani. Nusu saa tu, na Ngailo ataandika ripoti. Nusu saa, na Lutengano anakwenda gerezani miaka minne, kwa kosa lake mwenyewe, bila Ezelina kuinua hata kidole. Halafu, polepole, baada ya mwaka hivi, yeye angeweza kupona kwa heshima. Alichotakiwa kufanya ni kusimama tu.

Minong'ono ilianza.

"Amegoma!" kijana mmoja alipiga kelele. "Mhongole amegoma!"

"Mshenzi yule! Hajatosheka?"

"Mleteeni mama kiti!" Kaduma aliamuru, na watu wawili wakanyanyua dawati.

Ezelina akainua mkono. "Acheni," alisema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Rudisheni. Nitasimama hapahapa mpaka nione mwisho wake."

Wakampigia makofi. Mama mmoja alifuta machozi. Jua lilikuwa limepata nguvu, na Ezelina akasimama humo katikati ya uwanja, kifua mbele, akionea fahari chuki yake iliyokuwa karibu kulipwa yote kwa siku moja. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Mapaja yalianza kuwaka moto, akahamishia uzito mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Dakika ishirini.

Kwenye mshipi mlango uligongwa ukutani.

"Lutengano! Unafanya nini huko chini?" Ilikuwa sauti ya Ngailo, akihema. "Nani amekufungua kamba?"

"Nimejifungua mwenyewe."

"Tangu lini umekaa sakafuni?"

"Mwulize yeye. Tangu makofi yalipokwisha."

Ezelina hakuelewa mara moja. Alisikia Ngailo akivuta pumzi, akaanza kusema neno, akaliacha. Na katika nafasi hiyo ndogo jambo lenyewe likamfikia, zima.

Kumbe mtu akisimama hasimamishwi na mifupa. Mifupa peke yake ni fito zilizopangwa juu ya fito. Iachie na itamwagika chini. Kinachoisimamisha ni shavu la mguu kuvuta nyuma na muundi kuvuta mbele, mapaja kukaza, nyonga kushika, kila nukta, bila kupumzika, kwa amri. Na aliyetakiwa kuzitoa amri hizo alikuwa amekaa kwenye mbao, miguu ameinyoosha, kwa dakika ishirini. Lutengano hakuwa amengoja atembee. Alikuwa akingoja aanguke, na hakuanguka.

"Dada Ezelina," Ngailo alisema, polepole sana. "Sikuoni. Kamera inanionyesha meza na watu tu, wewe sikuoni. Nijibu swali moja. Umekaa, au umesimama?"

Watu mia tatu walimtazama, na hakuna hata mmoja aliyejua kilichoulizwa. Kwao alikuwa mama shujaa aliyetendewa vibaya. Katika uwanja ule wote na katika kata nzima, aliyejua maana ya miguu ile kuwa imenyooka alikuwa Ngailo, na Ngailo alikuwa anasubiri neno. Ezelina angesema amekaa, kisha akalitaka lile dawati na kukaa kweli. Nani angempinga? Neno la mtoaji halipokelewi.

Alimtafutia Lutengano huruma. Alitafuta kwa haki, kama mtu anayetafuta kitu alichoahidi kukileta, na hakuipata. Alimchukia palepale kama siku ya kwanza. Alimchukia kwa mti, kwa ukelele ambao hakuusikia, na sasa kwa akili yake. Alijua pia kinachomngoja akijibu vingine. Miezi mitano aliyoficha, mara mbili, ni miezi kumi kwenye kamba, akimtembeza mtu asiyemjua, ambaye huenda naye ana hasira zake. Kiapo kisingekuwepo. Makofi haya yangegeuka, na majirani hawa wangemcheka mpaka afe.

Lakini miguu ilikuwa inamuuma. Mapaja yalikuwa yanawaka, kisigino cha kulia kilikuwa kimepata ganzi, na maumivu hayo yote yalikuwa yake, hakuna waya uliokuwa ukiyapeleka kwa mtu. Akisema amekaa, atakuwa amempa Lutengano miguu hii kwa mara ya pili, na safari hii hakuna mti wa kusingizia.

"Dada?"

"Nimesimama," Ezelina alisema.

Nyuma ya Ngailo, Lutengano alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, kisha akamtukana, tusi zito la wakata magogo.

"Na wewe pia," Ezelina alimjibu. "Ngailo, zima."

"Unajua nikizima nitaandika nini?"

"Najua kusoma. Zima."

Mshipi ulitetemeka mara moja ukafa. Hakukuwa na mtu tena kiunoni mwake. Kaduma alikuwa amesimama nyuma ya meza, kalamu mkononi, akiwa hajui aendelee au aahirishe.

Ezelina alikiambia kisigino cha kulia kiinuke. Kikainuka kwa kuchelewa, goti likaja ndani, mguu ukatua upande na kumyumbisha vibaya, mwanamke mmoja akapiga yowe. Akaja wa kushoto. Zilikuwa hatua mbaya, za kuburuta, na mbele ya watu mia tatu ambao walikuwa wameanza kuelewa na kuacha kupiga makofi, alizitembea zote mpaka mezani kwa Bwana Kaduma, akamwambia afute jina lake kwenye kitabu cha kiapo.